Ukiambiwa "mpe tano", uliza: tano ya nini?

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Karibu kila wiki naongea na wauguzi, wafamasia na wazazi, na mazungumzo mengi huishia kwenye dawa za watoto. Hata hivyo, swali ninalolitumia zaidi ninapoandika kuhusu dawa hizo sikufundishwa na mfamasia. Nililipata kwa kaka yangu, ambaye hana habari na dawa. Yeye kazi yake ni mvua.

Kaka ni mhandisi wa maji. Watu wakisikia hivyo hudhani anachimba visima au anafunga mabomba. Ukweli ni kwamba muda mwingi yuko mbele ya kompyuta, anaandika na kukagua programu za haidrolojia, yaani programu zinazopiga hesabu za maji. Mvua ikinyesha kiasi hiki juu ya eneo hili, maji kiasi gani yatafika kwenye mtaro, kwenye kalavati, chini ya daraja? Jibu ndilo linaloamua kalavati lijengwe la upana gani. Kwa familia inayolala jirani na mto, hiyo si hesabu ya darasani.

Nilikuwa nadhani ugumu wa kazi hiyo uko kwenye kanuni. Akaniambia hapana, kanuni nyingi zimo vitabuni miaka mingi. Kinachomkosesha usingizi ni vitu viwili ambavyo hata mtoto wa darasa la tano anavijua: jina la namba na kipimo chake.

Mvua na ndoo

Tukisikia redioni kwamba imenyesha mvua ya milimita 50, wengi wetu hatujui kama ni nyingi au kidogo. Kaka alinipa njia rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 80. Zikinyesha milimita 50 juu yake, hizo ni lita 4,000, au ndoo 200 za lita 20, kutoka paa moja tu. Sasa chukua mtaa mzima, kisha bonde zima, na maji yote yanatafuta mto uleule. Waliokuwa Dar es Salaam Desemba 2011 wanakumbuka Bonde la Msimbazi lilivyojaa, na jinsi familia za mabondeni zilivyohamishiwa Mabwepande.

Kwa maeneo madogo, wahandisi wana kanuni moja ya zamani. Unachukua ukali wa mvua, unazidisha kwa ukubwa wa eneo, unazidisha kwa sehemu ya mvua ambayo haitazama ardhini, halafu unazidisha kwa 0.278. Namba hiyo ya mwisho ipo kwa sababu moja tu: mvua imeandikwa kwa milimita kwa saa, eneo kwa kilomita za mraba, na jibu linatakiwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Badilisha kipimo kimoja, na 0.278 inageuka kuwa uongo. Wamarekani wanaotumia inchi, ekari na futi za ujazo hawaihitaji, maana vipimo vyao katika kanuni hiyo vinakaribia kulingana vyenyewe. Kwa hiyo mtu akinakili hesabu ya kule bila kuangalia vipimo, atapata karatasi safi yenye jibu bovu.

Kompyuta nayo haitamwambia kitu. Ndani ya programu kila namba huwekwa kwenye kitu kama kopo, na kopo hupewa jina. Ukiandika jina "mvua" na kuweka 60 ndani, kompyuta inaona 60. Haijui kama ni milimita 60 kwa saa moja au kwa siku nzima. Itazidisha kimya kimya, kama mpishi anayechota kutoka makopo mawili yasiyo na lebo, moja la chumvi na jingine la sukari.

Miaka michache iliyopita kaka alikabidhiwa programu iliyoandikwa na watu wengine. Humo ndani mvua iliitwa "r", eneo "a", jibu "q". Hakukuwa na maelezo mengine. Kabla ya kuiamini, alichukua kalamu na kikokotoo akapiga hesabu moja kwa mkono: eneo la kilomita za mraba 2, mvua kali ya milimita 60 kwa saa, asilimia 60 ya maji ikitiririka juu. Alipata mita za ujazo 20 kwa sekunde. Hayo ni matangi manne ya lita 5,000 yanayopita mbele yako kila sekunde. Programu ilisema haifiki hata mita moja ya ujazo.

Aligawanya jibu lake kwa jibu la programu, akapata 24. Hapo akajua. Siku ina saa 24. Mahali fulani programu ilidhani imepewa mvua ya siku nzima, ikaigawanya ili kupata ya saa moja, wakati ilikuwa tayari ni ya saa moja. Kanuni ilikuwa sahihi, mvua sahihi, eneo sahihi. Jina tu ndilo lilikuwa limenyamaza. Bahati nzuri kalavati lilikuwa bado kwenye karatasi.

Siku hizi katika programu zake hakuna kopo linaloitwa "mvua". Kuna mvua_mm_kwa_saa, eneo_km2 na mtiririko_m3_kwa_sekunde. Ni majina marefu na hayapendezi, lakini ukitaka kuweka mvua ya siku kwenye kopo lililoandikwa "kwa saa", mkono wako mwenyewe unasita. Kuna pia zana zinazofanya ukaguzi huo zenyewe. Kwa wanaotumia lugha ya Python, mojawapo inaitwa Pint: unaipa kila namba pamoja na kipimo chake, na ukijaribu kujumlisha mita na sekunde inagoma na kukuambia haiwezekani.

Waliofika mbali pia wamejikwaa

Mzazi anaweza kusema hayo ni ya watu wasio makini. Siyo. Septemba 1999 chombo cha anga cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja duniani ilikuwa inatoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, na programu iliyozipokea ilizisoma kama nyutoni. Tofauti kati ya vipimo hivyo ni zaidi ya mara nne. Chombo kilipita chini mno kuliko ilivyopangwa.

Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani nchini Kanada. Mafuta yake yalihesabiwa kwa uzito, na katika kubadilisha lita kuwa kilo ikatumika namba inayotoa pauni. Kwa kuwa kilo moja ni zaidi ya pauni mbili, ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani aliitelezesha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani huko Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai.

Katika visa vyote viwili walikuwepo wasomi, mashine na fomu za ukaguzi. Namba ilipita mikono mingi, na kila mkono uliipokea ukidhani aliyetangulia alimaanisha kile kile.

Simu ya Jumamosi

Sasa tuje nyumbani. Jumamosi moja mimi na kaka tulikuwa Morogoro kwenye kikao cha ukoo. Wifi alikuwa zamu kazini, na mama yetu alibaki Dar na wajukuu wawili, wa miaka minane na wa miaka miwili. Jioni akapiga simu, kaka akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu mdogo anachemka. Nimempunguzia nguo, maji anakunywa. Mkeo aliniambia homa ikizidi nimpe ile dawa ya maji, tano."

"Tano ya nini, mama?"

"Tano. Tano si tano?"

"Bahasha imeandikwaje?"

"Imeandikwa tano mara tatu. Kijiko ninacho hapa."

Naijua alama hiyo, na wewe unaijua. Kwenye bahasha za dawa zetu, "2 x 3" ni vidonge viwili mara tatu kwa siku. Mama alisoma "5 x 3" kwa namna ileile tuliyozoea sote: vijiko vitano mara tatu. Aliyeandika kwenye duka la dawa alikusudia mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai cha kipimo, lakini hakuandika mililita.

Kaka akamwomba asome chupa. Mama akasema, "Ipi? Zipo mbili." Akavaa miwani, akasoma polepole. Moja ilikuwa na miligramu 120 za parasetamoli katika kila mililita 5. Nyingine, ya mjukuu mkubwa, ilikuwa na miligramu 250 katika kila mililita 5. Ukubwa wa chupa ulikuwa mmoja, na dawa yenyewe rangi moja. Aliyokuwa ameishika ni ya mkubwa.

Mtoto yule alikuwa na kilo 12. Kiwango cha kawaida cha parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo yeye alihitaji miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja. Vijiko vitano vya chai kutoka ile chupa ni miligramu 1,250. Ukirudia mara tatu kwa siku, hiyo si dawa ya homa tena, ni sumu kwa ini. Na ini la mtoto halipigi kelele siku ya kwanza.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko hesabu. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Nimewalea nyie watano. Hakuna niliyemdhuru kwa mkono wangu. Leo naulizwa kijiko."

Kaka hakucheka wala hakupandisha sauti. "Ndiyo mama, umetulea. Siulizi kwa sababu sikuamini wewe. Hiyo bahasha ndiyo siiamini."

Mama akatulia. Akatafuta kikombe kidogo chenye mistari kilichokuja na dawa ya mdogo, akajaza mpaka mstari wa 5, akampa. Kesho yake asubuhi mtoto alipelekwa kituo cha afya akapimwa malaria, maana dawa ya homa hushusha joto tu, haitibu kilicholeta homa.

Nilikaa na maneno yale ya kaka njia nzima ya kurudi. Katika nyumba nyingi, kuuliza "ya nini?" kunasikika kama dharau, hasa mdogo anapomuuliza mkubwa, mke anapomuuliza mkwe, au mzazi anapomuuliza mtu wa dawa aliyevaa koti jeupe. Kwa hiyo tunanyamaza, na namba inapita.

Siku ni nini, saa ni ipi

Mambo mengine mawili ya wahandisi wa maji yananisaidia kila wiki.

La kwanza ni wakati. Kwenye vituo vya hali ya hewa kwetu, kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizotangulia. Kwa hiyo mvua iliyoandikwa Jumanne sehemu kubwa inaweza kuwa ilinyesha Jumatatu. Programu inayodhani siku inaanza saa 6 usiku inaweza kuonyesha mto umejaa kabla mvua haijanyesha. Sasa fikiria "mara tatu kwa siku". Kwa mzazi mmoja ni asubuhi, mchana na jioni, yaani dozi tatu ndani ya saa 12, halafu usiku mtupu. Kwa dawa zinazotakiwa kila baada ya saa 8, hilo silo lililokusudiwa. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada: simu inaandika 8:00, sisi tunasema saa 2. Muuguzi akiandika "saa 8" kwenye karatasi, ni saa 8 ya mdomo au ya simu? Kati yake kuna saa sita.

La pili ni nafasi tupu. Kipima mvua kikiharibika, data nyingi za hali ya hewa huweka namba kama -9999, maana yake "hakuna kipimo". Programu isiyoambiwa hivyo huichukua kama mvua na kuharibu wastani wote. Mtu mwingine huibadilisha kuwa sifuri, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu "hatujui" si sawa na "haikunyesha". Kadi ya kliniki ina nafasi tupu za namna hiyo. Kisanduku kisichojazwa cha chanjo hakisemi mtoto amechanjwa, wala hakisemi hajachanjwa. Kinasema tu kwamba hakuna aliyeandika. Usikijaze kwa kumbukumbu. Ipeleke kadi kliniki waangalie rejista.

Unachoweza kufanya nyumbani

Kwanza, ukipewa dawa ya maji, usiondoke dirishani mpaka namba iwe na mwenzake. Omba waandike maneno kamili: "mililita 5, kila baada ya saa 6, mwisho mara 4 kwa siku", au vyovyote mtoto wako alivyopangiwa. Miligramu ni kiasi cha dawa yenyewe, mililita ni kiasi cha maji yanayoibeba. Mililita 5 za chupa moja zinaweza kuwa na dawa mara mbili ya mililita 5 za chupa nyingine.

Pili, ipe chupa jina. Bandika plasta, andika kwa kalamu ya wino mzito: ya mtoto gani, mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi. Andika pia uzito na tarehe mtoto alipopimwa. Kilo 9 za mwaka jana si kilo za leo, na dozi huenda na uzito.

Tatu, achana na kijiko cha jikoni. Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, cha chakula ni mililita 15, lakini vile tulivyonavyo kabatini kila kimoja kina tumbo lake. Tumia kikombe chenye mistari au bomba la sindano lisilo na sindano.

Nne, soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za maji pungufu ya hapo. Pakiti ya lita moja ikiwekwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi mara mbili, na kwa mtoto anayeharisha hiyo ni hatari. Vidonge vya kutibu maji navyo ni hivyohivyo: angalia kimoja kimeandikwa kwa lita ngapi, halafu angalia ndoo yako ni ya lita ngapi.

Tano, piga hesabu ya pembeni kama kaka alivyofanya na kikokotoo chake. Si lazima ujue mengi. Jiulize tu: kiasi hiki kinafanana na alichopewa mara ya mwisho? Chupa ya mililita 60 kwa vijiko vitano mara tatu kwa siku isingefika hata siku ya pili. Jibu likishangaza, simama, piga simu.

Vipimo havimfanyi mzazi kuwa daktari. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, mtoto anayepata degedege, anayeshindwa kunywa au kunyonya, au anayelegea, hapaswi kusubiri hesabu ya mtu yeyote. Huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Wala mzigo huu usiachiwe mzazi peke yake. Anayeandika "5 x 3" kwenye bahasha ameokoa sekunde mbili na kumwachia bibi wa watu fumbo usiku. Neno "mililita" lina herufi nane. Wahandisi walikubali majina marefu yasiyopendeza kwa sababu waliona gharama ya majina mafupi. Wenye maduka ya dawa nao wanaweza.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua mahali unapoweka dawa. Toa kila chupa, soma lebo kwa sauti, na mwite yule anayebaki na watoto wakati haupo: bibi, dada wa kazi, mtoto mkubwa. Mwambie akuulize "ya nini?" kila utakapomtajia namba. Akikuuliza, usikasirike. Mjibu.